Tekken na Street Fighter zikikutana: namna ya kuzifaidi zote mbili, kwa wadau wa Mtwara na Lindi

Huku Mtwara, na Lindi nako ni vilevile, ukiingia kibanda chochote cha PS (PlayStation) ukauliza kuna gemu gani ya kupigana utaambiwa Tekken, alafu kabla hujapata pa kukaa kuna dogo keshamchukua Eddy, yule wa kapoera, anapiga mateke ya kuzunguka mwanzo mwisho. Street Fighter watu wanaijua kwa jina, wanamjua yule jamaa wa kurusha moto, basi. Mimi nazipenda zote mbili kwa moyo kabisa na kinachonipa raha kuliko vyote ni pale zinapokutana, yani mtu wa gemu hii anaenda kupigana kwenye gemu ile. Naandika hii kwa ajili ya wadau wa huku ambao Tekken wanaiweza vizuri ila wakikutana na Akuma, yule mbabe wa Street Fighter, au wakiwekewa Street Fighter X Tekken wanacheza raundi mbili wanasema gemu mbaya, wanatoa CD. Gemu sio mbaya jamani, kuna vitu tu havijaelezwa, ngoja tuvipitie.

Kwa kifupi sana ujue zimetoka wapi. Street Fighter ni ya Capcom, ya kwanza ni ya 1987 kwenye zile mashine za kuingiza sarafu, na iliyotikisa dunia ni Street Fighter II ya 1991. Tekken ni ya Namco, ilianza 1994, na hii Tekken 3 ambayo wengi tumeikuta vibandani ilitoka 1997 kwenye mashine za sarafu alafu 1998 ikaingia PlayStation. Zote za Japani, zote zinagombea mashabiki walewale. Sasa mwaka 2010 kule San Diego, Yoshinori Ono wa Capcom na Katsuhiro Harada wa Namco wakatangaza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, kila kampuni itatengeneza gemu yake ya kuwakutanisha. Capcom wakatoa yao Machi 2012, ndio Street Fighter X Tekken. Ya Namco, Tekken X Street Fighter, haikutoka mpaka leo, ila kwenye Tekken 7 wakamleta Akuma peke yake. Kwahiyo makutano makubwa ni hayo mawili na yana tofauti moja ambayo ukiishika utafurahia kila kitu: kwenye gemu ya Capcom watu wa Tekken wamefuata sheria za mwenyeji, kwenye Tekken 7 Akuma kaja na sheria zake za kwao na anazitumia hukohuko ugenini.

Haya, anza na batani. Tekken ina batani nne na kila batani ni kiungo cha mwili. Kwenye pedi ya PS mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Ndio maana hata mtoto wa darasa la pili anaielewa bila kufundishwa, unaona mkono unabonyeza mkono. Street Fighter ina batani sita na hazijali kushoto wala kulia, zinajali nguvu: ngumi ndogo, ya kati, kubwa, na teke dogo, la kati, kubwa. Mraba, pembetatu na R1 ni ngumi, eksi, duara na R2 ni mateke. Mtu wa Tekken akikaa kwenye Street Fighter anasahau kabisa R1 na R2 anabaki anacheza na ndogo na za kati tu, alafu analalamika mbona hapigi kwa nguvu. Kabla hujafanya chochote kaa dakika kadhaa kwenye sehemu ya mazoezi ubonyeze R1 na R2 peke yake, simama, chuchumaa, ruka, uone kila moja inafika wapi. Inachosha lakini ndio mlango wenyewe.

Sasa kukinga, hapa ndio watu wengi wanapigwa na hawajui kwa nini. Kwenye Tekken ukiacha pedi bila kugusa mshale wowote, mtu wako anajikinga mwenyewe kwa mapigo ya juu na ya kati. Ndio, ukitulia unakinga. Kwenye Street Fighter ukitulia unakula ngumi ya uso, lazima ushike nyuma. Alafu kuchuchumaa: Street Fighter ukishika chini na nyuma kwa pamoja uko salama kwa karibu kila kitu isipokuwa mtu akikurukia juu, au akikupiga yale mapigo maalumu ya kuvunja aliyechuchumaa, au akikukamata akakutupa. Kwahiyo wachezaji wa Street Fighter muda mwingi wamechuchumaa, ndio nyumbani kwao. Tekken ukichuchumaa hovyo umekwisha, maana pigo la kati linakukuta chini hukohuko na mengi ya kati ndio yale ya kukurusha hewani upigwe kombo, yani mapigo mfululizo, mpaka ukutani. Mtu wa Tekken anasimama na kuchuchumaa kwa sababu, anasoma mwenzake, anachuchumaa pale tu anapohisi teke la chini linakuja. Ukihama gemu, kitu cha kwanza kuhamisha ni hiki kichwani, kabla ya kombo yoyote.

Na kukwepa. Tekken ina uwanja wa pande zote, unagusa juu au chini mtu anapiga hatua ya pembeni na ngumi inapita. Street Fighter hakuna pembeni, kuna mbele, nyuma na juu tu, ndio maana moto wa Ryu, yule jamaa niliyemtaja mwanzo, unatisha kule, lazima uukinge au uuruke, na ukiruka anakusubiri na Shoryuken, ile ngumi yake ya kupanda juu kidevuni. Mchezo mzima wa Street Fighter unaanzia hapo, mtu anakulazimisha uruke alafu anakuadhibu kwa kuruka. Ukishalielewa hili utaacha kuona kurusha moto ni uoga, ni akili kubwa ile.

Habari njema ni kwamba mikono yako ya Tekken inajua Street Fighter tayari ila haijaambiwa. Unamjua Paul, ile ngumi yake nzito ya kumaliza mtu, chini, chini-mbele, mbele, alafu pembetatu? Hiyohiyo ndio Hadoken ya Ryu, yani ule moto wake, mzunguko ni uleule, chini chini-mbele mbele na ngumi. Na Kazuya, ile ngumi yake ya umeme, mbele, achia, chini, chini-mbele na ngumi ya kulia, ni ndugu kabisa wa Shoryuken ambayo ni mbele, chini, chini-mbele na ngumi. Nimewaonyesha madogo wengi hapa Mtwara kwa njia hii, hauanzi kumwambia kuhusu Ryu, unamwambia piga ya Paul, piga tena, sasa mpe Ryu afanye vilevile. Anakaa anashangaa. Kwa mtu aliyezoea familia ya Mishima, Heihachi, Kazuya, Jin wa zamani, Shoryuken haimchukui hata jioni moja.

Utumie mashine gani? Inategemea kilichopo karibu yako. Kama una simu tu, Tekken 6 ya PSP ya 2009 na Street Fighter Alpha 3 MAX ya 2006, nayo ya PSP, zinatosha kujifunza pande zote mbili kupitia PPSSPP, ile app ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, ila tafuta pedi ya bluetooth maana mizunguko ya kidole kwenye kioo ni mateso. Kibanda chenye PS3 ndio mahali pa kuitafuta Street Fighter X Tekken. PS4 ndio ya Tekken 7, ilitoka Juni 2017 kwa mashine za nyumbani, na humohumo kuna mkusanyiko wa Street Fighter wa miaka 30, wa 2018, gemu 12 za zamani ndani ya CD moja, huo naupenda sana kwa sababu unamuona Ryu anavyokua kuanzia ile ya kwanza mpaka Street Fighter III: Third Strike. Ukiwa Masasi au Nachingwea au Newala na vibanda ni vichache, ongea na mwenye kibanda, wengi wakijua kuna watu watakuja kucheza kitu fulani wanakitafuta.

Tuje kwenye Street Fighter X Tekken yenyewe. Unachagua watu wawili, mmoja yuko uwanjani mwingine anasubiri, na sheria ni kwamba akianguka mmoja tu raundi imeisha. Sio mpaka wote wawili waishe. Soma tena hiyo maana wengi wanadhani lazima wote wawili waishe. Tekken Tag Tournament ya PS2 nako ilikuwa akianguka mmoja imeisha, kwahiyo nyie mlioicheza ile mna faida. Anayesubiri anarudishiwa sehemu ya damu yake, yani uhai wake, ile iliyobaki na rangi tofauti kwenye mstari, kwahiyo ukiwa umepigwa toka, mpe mwenzako, pumzika, rudi. Kubadilishana ni pembetatu na duara kwa pamoja. Usibadilishe mtu akiwa karibu yako, unapigwa wakati unaingia, subiri umsukume mbali au umuangushe kwanza.

Njia rahisi ya kuanza kupiga kombo ni hii: ndogo, ya kati, kubwa, kubwa tena. Mraba, pembetatu, R1, R1. Hii inafanya kazi kwa kila mtu ndani ya gemu, ile ya mwisho inamrusha adui juu na mwenzako anaingia mwenyewe anaendelea kumpiga hewani. Hapo ndipo mtu wa Tekken anapotabasamu kwa sababu kumpiga mtu hewani ndio chakula chake cha kila siku, na kweli Capcom waliliweka hili kwa heshima ya Tekken, Street Fighter ya kawaida haina uhuru mkubwa hivyo wa kumchezea mtu hewani. Ukishazoea hiyo, jifunze R1 na R2 kwa pamoja, hiyo inamrusha moja kwa moja na kubadilisha mtu, lakini ni nzito, ikikingwa utajuta.

Chini ya skrini kuna mstari wenye vyumba vitatu. Chumba kimoja unaongezea nguvu pigo maalumu, viwili unapiga super, lile pigo kubwa la mtu wako, vitatu mnapiga wote wawili kwa pamoja, chini chini-mbele mbele na pembetatu na duara. Ushauri wangu usiukalie huo mstari mpaka ujae, watu wengi wanasubiri vitatu raundi nzima wanakufa navyo. Chumba kimoja kilichotumika wakati sahihi kinashinda raundi nyingi kuliko vitatu vya kuonyeshea.

Kuna kitu kinaitwa Pandora, damu ikiwa imebaki kidogo, robo au chini, unamtoa mwenzako kafara na uliyebaki anapata nguvu kwa sekunde chache, muda ukiisha hujamaliza kazi umekufa. Inaendana na hadithi, kuna boksi limedondoka toka angani huko Antaktika na kila mtu analitaka. Kwenye mechi za kawaida ni kamari, mimi naona itumie pale tu adui naye kabakiza damu kidogo na yuko karibu. Alafu kuna vito, unavipanga kabla ya mechi, vingine vinaongeza nguvu, vingine vinakukingia mwenyewe kwa kula mstari wako. Kibandani mkubaliane mapema, ama wote mvitumie au wote mvitoe, nusu ya ugomvi inaishia hapo.

Nani umchukue? Ukitoka Tekken chukua mmoja unayemjua na mmoja wa Street Fighter, usichukue wawili wa nyumbani. Hapo ndio raha ya hii gemu ilipo. Kazuya na Ryu wanakufundisha haraka kwa sababu ya ile mizunguko niliyosema. King na Zangief kwa wale wanaopenda kukamata na kutupa watu, yani mabingwa wawili wa mieleka toka dunia mbili upande mmoja, mimi nikiwaona wale wamesimama pamoja nafurahi kila mara. Hwoarang na Chun-Li kwa wapenda mateke. Law anafaa sana kwa anayeanza, ana kasi na mapigo yake yanaeleweka. Eddy mtamtafuta, hayumo, aliyepo wa kapoera kwa upande wa Tekken ni Christie na yeye yuko kwenye lile kundi la watu 12 waliouzwa baadaye. Hao 12 ndio waliochafua jina la gemu mwanzoni, mashabiki waligundua wako ndani ya CD tayari wamefungiwa, na hasira ile ilikuwa ya haki. Ndio sababu kwenye vibanda vingi vyenye CD peke yake bila kuwanunua hao hutawaona.

Kwenye PS3 humo ndani yuko pia Pac-Man amekaa juu ya Mokujin. Mokujin, yule mtu wa mti wa Tekken 3 ambaye kila raundi anaiga staili ya mtu mwingine. Sisi tuliokulia karibu na wachonga vinyago wa Kimakonde huyu mtu lazima atuguse kivingine, na mimi nawashauri madogo wamchukue kwenye Tekken 3 kwa makusudi, kwa sababu hujui utapewa staili ya nani kwahiyo unalazimika kuwajua watu wote. Hayo ni mazoezi mazuri kuliko kung'ang'ania Eddy.

Sasa Akuma kwenye Tekken 7. Wengi wanamuona wanadhani ni mtu wa kawaida mwenye moto. Hapana. Akuma pale ana mstari wa super, wengine wengi hawana. Anaruka kama Street Fighter, yani anakurukia anakupiga juu, akitua anaunga na ngumi, anaunga na moto, anatumia mstari kukatisha pigo katikati na kuanzisha jingine. Ukitaka kumcheza, sahau mapigo marefu ya mfululizo ya Tekken, cheza kama uko Street Fighter: ruka, ngumi, pigo maalumu. Na ukicheza dhidi yake fanya kinyume, tumia Tekken yako. Moto wake piga hatua ya pembeni, unapita, kule kwao hakuna pembeni. Kaa karibu umnyime nafasi ya kuruka. Akiruka mara kwa mara rudi nyuma kidogo atue mbele yako umkute na pigo la kumrusha. Na usisahau kuangalia mstari wake, ukijaa badilisha mchezo wako, usimpe nafasi ya kukugusa kirahisi.

Icheze pia hadithi ya Tekken 7, usiruke video. Akuma hajawekwa tu kwa ajili ya mauzo, ameingizwa ndani ya familia, Kazumi mama yake Kazuya ndiye aliyemuomba aje awaue Heihachi na Kazuya kama Kazumi mwenyewe atashindwa. Na sikiliza wanavyoongea, kila mtu anaongea lugha ya kwao na wanaelewana bila shida.

Mkitaka kuifaidi kweli fanyeni siku ya makutano kibandani. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada ikianza na hela ikizunguka, vibanda vinajaa na ndio wakati mzuri. Mimi napanga hivi: PS3 moja Street Fighter X Tekken, kila timu ina watu wawili, mmoja wa Tekken na mmoja wa Street Fighter, na kila mchezaji anashika pedi zamu yake. Kuna hali ya Scramble ambapo wanne wanapigana kwa wakati mmoja, hiyo iwekeni mwisho, ni vurugu tamu na hata mashangazi wanaopita na beseni la ming'oko wanasimama kuangalia. Aliyefungwa anapisha, lakini wekeni sheria kwamba anayeanza anapewa raundi za kutosha, akitolewa kila dakika mbili hatojifunza na hatorudi. Na mkubwa mmoja akae na madogo awaelekeze kwa upole, sio kuwanyang'anya pedi.

Mashine nazo zitunzeni. Pwani hii, Shangani, Mikindani, Lindi mjini, hewa ya chumvi na joto inakula PS haraka. Usiiweke sakafuni, usiifunike na kitambaa ikiwa inawaka, fundi aifungue kusafisha vumbi, na umeme ukicheza chomoa kabisa ukutani.

Ukishamaliza hayo yapo mengine ya kutafuta. Namco x Capcom ya PS2, 2005, ni ya kupanga mashambulizi kwa zamu na iliuzwa Japani peke yake. Mwenye Nintendo Switch akiwa na Super Smash Bros. Ultimate atawapata Ryu, Ken na Kazuya ndani ya gemu moja, Kazuya aliingia 2021. Na nyie wa Eddy mliovumilia mpaka hapa, mtafuteni Elena. Ni wa Street Fighter tangu 1997, ni Mkenya, jirani yetu kabisa, na anapiga kapoera, mateke matupu. Kwenye Street Fighter X Tekken yuko kwenye wale 12, na kwenye Street Fighter 6 aliongezwa 2025. Mkimpata muwekeni timu moja na Christie, anzeni na teke la kati la kila mmoja muone linafika wapi, alafu ndogo, ya kati, kubwa, kubwa, abadilike mwenzake, na aliyezoea kumbonyeza Eddy kwa kubahatisha ataanza kuona teke gani linatoka na kwa nini.